Saa Moja, Bei Tatu: Jinsi Saa za Uswisi Zinavyopata Thamani Zake

Saa ya betri inayouzwa mezani kando ya barabara Kariakoo, ile ya mkanda wa mpira, ikiwa nzima hupishana na majira halisi kwa sekunde kumi na tano hivi kwa mwezi. Rolex mpya, ambayo kiwanda chenyewe kinaithibitisha kabla haijatoka, inaruhusiwa kupishana sekunde mbili kwa siku, mbele au nyuma. Piga hesabu ya siku thelathini. Kwa kazi ya kutaja majira, saa ya shilingi elfu kumi inaishinda ya shilingi milioni ishirini na tano. Mazungumzo ya saa za Uswisi yanapaswa kuanzia hapo, maana anayedhani wanunuzi wanalipia usahihi hatazielewa bei zao hata akisoma mwaka mzima.

Wengi husema wanalipia jina. Ni kweli kwa sehemu, lakini jina peke yake halielezi kwa nini saa mbili za kiwanda kimoja, za miaka ileile, zenye mashine ileile ndani, moja iuzwe kwa bei ya gari na nyingine kwa bei ya ghorofa. Nimezifuatilia bei hizi kwa muda mrefu, na naona mkanganyiko mkubwa unatokana na kuzungumzia "bei ya saa" kana kwamba ni kitu kimoja. Bei ni tatu. Kuna ya dukani, inayopangwa na kiwanda. Kuna ya sokoni, ya mkono wa pili, inayopangwa na foleni ya wanaokosa dukani. Na kuna ya mnadani, ambayo mara nyingi hupangwa na watu wawili tu wenye fedha nyingi ambao hakuna kati yao anayetaka kurudi nyumbani mikono mitupu. Mtu akisoma habari ya bei ya tatu kisha akaingia dukani akiwa na bei ya kwanza mfukoni, akiamini amenunua kitega uchumi, huyo ndiye anayeumia.

Kabla ya kuzifungua bei hizo, lazima tueleze kwa nini saa za aina hii bado zipo duniani.

Chombo kilichokufa kikafufuka

Saa ya Uswisi ya kizamani haina betri. Ndani yake mna kamani, utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa, unaojazwa kwa kutia ufunguo au kwa mtikisiko wa mkono wa mvaaji. Kamani ikijikunjua husukuma magurudumu yenye meno, na mwisho wa safari kuna gurudumu dogo linalocheza kwenda na kurudi, ambalo ndilo linalogawa muda. Katika saa nyingi za leo hupiga mara nane kwa sekunde, yaani mara 28,800 kwa saa, usiku na mchana, kwa miaka. Kazi hii iliota mizizi Geneva na katika milima ya Jura, ambako wakulima waliofungiwa ndani na theluji miezi mirefu ya baridi walitengeneza vipande vya saa mezani kwao. Vacheron Constantin inafanya kazi tangu 1755 bila kukatika, Patek Philippe tangu 1839, Audemars Piguet tangu 1875 katika kijiji cha Le Brassus.

Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi iliyotumia betri na fuwele ya kwatzi. Iliuzwa yeni 450,000, bei ya gari dogo wakati ule. Lakini vifaa vya umeme hushuka bei haraka, na baada ya miaka michache saa sahihi kuliko zote za Jura ikawa ya kila mtu. Waswisi walipigwa vibaya. Mwaka 1970 sekta hiyo iliajiri watu karibu 90,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki thelathini elfu na ushei. Viwanda vilifungwa, na mashine za kukatia magurudumu zikauzwa kama vyuma chakavu.

Jambo lililobadilisha hesabu lilifanyika katikati ya dhoruba hiyo, na walioliona wakati huo wengi walidhani ni wazimu. Audemars Piguet ilimwomba mchoraji Gérald Genta saa ya chuma, isiyofanana na nyingine yoyote. Genta alipenda kusimulia kwamba alipigiwa simu jioni na kufikia asubuhi mchoro ulikuwa tayari. Saa hiyo, Royal Oak, ilitoka 1972: pembe nane, parafujo nane zinazoonekana wazi juu ya uso, mkanda wa chuma ulioungana na bodi. Bei yake ilikuwa faranga 3,300 za Uswisi, zaidi ya saa nyingi za dhahabu za siku zile. Mwaka 1976 Genta huyohuyo akaichorea Patek Philippe saa ya Nautilus, nayo ya chuma, nayo ghali kupita kiasi.

Kilichouzwa hapo hakikuwa madini. Kilikuwa kazi ya mkono na ujasiri wa kuikadiria kazi hiyo kuliko dhahabu. Katika saa bora kabisa, kila ukingo wa kila kipande hukatwa mshazari na kung'arishwa, hata vipande ambavyo mvaaji hataviona mpaka saa ifunguliwe. Mafundi wa Vallée de Joux, bonde la milima ya Jura, bado hutumia kijiti cha mmea wa gentian, uotao milimani kwao, kumalizia kona za ndani ambazo mashine haizifikii vizuri. Kona moja inaweza kumchukua fundi muda mrefu kuliko roboti inavyochukua kuunganisha saa nzima ya betri. Nakiri kwamba sehemu hii ndiyo inayonigusa: mtu kukaa siku nzima juu ya ukingo wa nusu milimita kwa sababu tu akiuacha ulivyo ataujua mwenyewe.

Lakini tuseme pia kwamba si kila saa yenye maandishi ya Uswisi imefanyiwa hivyo. Tangu Januari 2017 sheria ya huko inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa ziwe zimefanyika Uswisi, mashine yake iwe ya Uswisi, na iunganishwe na kukaguliwa hukohuko. Maana yake hadi asilimia 40 yaweza kutoka kwingine. Saa nyingi hutengenezwa kwa mitambo, kwa maelfu, tena kwa ubora mzuri, bila kijiti cha gentian kuzigusa.

Bei ya dukani

Rolex ndiyo mfano bora wa bei ya kwanza, na ndiyo isiyoeleweka zaidi. Hans Wilsdorf, Mjerumani, alianzisha biashara yake London mwaka 1905, akasajili jina la Rolex 1908, kisha akahamia Geneva. Mwaka 1926 akatoa Oyster, bodi inayofungwa kwa kukazwa kama kifuniko cha chupa ili maji yasiingie. Mwaka uliofuata Mercedes Gleitze, mwogeleaji Mwingereza, akaivaa shingoni akijaribu kuvuka maji baridi ya mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na Wilsdorf akalipia ukurasa wa mbele wa gazeti kuitangaza habari hiyo. Zikaja saa za kazi: Submariner ya wapiga mbizi mwaka 1953, GMT-Master ya marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani, miaka hiyohiyo ya 1950, yenye akrabu ya nne ili rubani asome majira ya miji miwili kwa pamoja. (Sisi tuliolelewa katika Kiswahili tulishazoea kusoma hivyo bila msaada: akrabu ikisimama juu ya saba, tunasema saa moja.) Daytona ya madereva wa mbio ilitoka 1963.

Wilsdorf hakuacha mtoto. Hisa zake aliziweka katika wakfu unaobeba jina lake, na wakfu huo ndio unaoimiliki Rolex hadi leo. Hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kampuni isiyo na wanahisa wanaongojea faida ya robo mwaka haina haraka ya kuuza. Inaweza kukataa kuongeza uzalishaji, inaweza kuacha foleni ikue, inaweza kufikiri kwa miaka hamsini.

Na foleni ipo. Wachambuzi hukadiria kwamba Rolex hutengeneza zaidi ya saa milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo kwa maana ya kawaida ya neno, Rolex si adimu hata kidogo. Uadimu wake ni wa uwiano: wanaotaka ni wengi kuliko zinazotoka, hasa kwa aina chache za chuma. Submariner ya chuma dukani Marekani iko karibu dola 10,000. Daytona ya chuma ilikuwa karibu dola 15,000 mwaka 2023. Ukiingia katika duka lenye idhini na fedha taslimu ukaomba Daytona, utaandikwa jina. Mwenye duka atawapa kwanza wateja wake wa zamani, waliokwisha kununua vito vya harusi na saa zisizogombewa. Mtu anaweza kutumia maelfu ya dola kwa vitu asivyovitaka ili aruhusiwe kununua kimoja anachokitaka. Kwa hesabu ya haki, gharama hiyo ni sehemu ya bei, ingawa haiandikwi katika risiti.

Siku hizi bei ya dukani hupanda karibu kila mwaka. Dhahabu imepanda, faranga ya Uswisi ina nguvu, na siasa nazo huingia: Agosti 2025 Marekani iliziwekea bidhaa za Uswisi ushuru wa asilimia 39, na ilikuwa Novemba mwaka huohuo ndipo makubaliano ya kuushusha hadi asilimia 15 yalipofikiwa.

Bei ya sokoni

Saa ikitoka dukani ikavuka mlango, moja kati ya mambo mawili hutokea. Kwa saa nyingi mno za Uswisi, thamani huanguka papo hapo. Omega, Breitling, TAG Heuer, IWC, nyingi za Cartier: ukimpelekea mfanyabiashara wa mkono wa pili wiki hiyohiyo atakupa pungufu ya robo, theluthi, wakati mwingine nusu. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa halisemwi vya kutosha. Saa ya Omega Speedmaster, ndugu wa zile zilizotua mwezini mwaka 1969, ni saa nzuri sana, yenye historia ya kweli, na bado aliyeinunua mpya hupoteza fedha akiiuza. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Zinazopanda ni chache, nazo karibu zote zinatoka kwa watengenezaji watatu, Rolex, Patek Philippe na Audemars Piguet, pamoja na mafundi wachache wa kujitegemea kama F.P. Journe, ambao hutengeneza mamia tu kwa mwaka.

Zile chache hupanda kwa nguvu ya foleni. Mfano uliowasha moto ni Nautilus ya chuma yenye namba 5711, iliyotoka 2006. Patek hutengeneza saa zipatazo elfu sabini kwa mwaka, za aina zote, na ilikataa kuiacha saa moja ya chuma ilimeze jina lake lote. Mapema mwaka 2021 ikatangaza kwamba inaiondoa. Bei ya dukani ilikuwa karibu dola 35,000. Sokoni ilivuka 150,000.

Ule ulikuwa wakati wa pekee. Watu wenye nazo walikuwa wamefungiwa majumbani na janga la korona, riba ilikuwa chini, sarafu za kidijitali zilikuwa zimewatajirisha vijana wengi kwa ghafla, na intaneti ilimwonyesha kila mtu grafu za bei zikipanda. Wengi walinunua wakiwa hawana nia ya kuvaa. Saa ilikaa katika plastiki yake ya kiwandani ikingojea mnunuzi wa kesho. Daytona ya chuma ilipita dola 40,000. Kisha katika majira ya machipuko ya 2022 riba ikapanda, sarafu za kidijitali zikaporomoka, na waliokuwa wakinunua ili wauze wakagundua kwamba wote ni wauzaji. Nautilus ikapoteza zaidi ya theluthi ya kilele chake. Hata baada ya anguko hilo Daytona ya chuma iliendelea kuuzwa karibu mara mbili ya bei ya duka, kwa hiyo aliyeipata dukani hakuumia. Aliyeinunua sokoni Februari 2022 aliumia, na saa ni ileile.

Wenye viwanda nao waliitazama faida ile ikienda mifukoni mwa watu wengine. Desemba 2022 Rolex ilianza kuthibitisha na kudhamini saa zake za mkono wa pili kupitia maduka yenye idhini, na mwaka uliofuata ikainunua Bucherer, kampuni kubwa ya maduka ya saa. Hivyo mstari kati ya bei ya kwanza na ya pili umeanza kufifia, na anayeshika kalamu pande zote mbili ni mmoja.

Bei ya mnadani

Tarehe 26 Oktoba 2017, katika mnada wa Phillips mjini New York, Daytona ya chuma yenye namba 6239 iliuzwa dola 17,752,500 za Marekani. Kwa kiwango cha siku zile ni karibu shilingi bilioni 40 za Tanzania. Ilikuwa ya mwigizaji na dereva wa mbio Paul Newman. Mkewe, Joanne Woodward, alimnunulia mwishoni mwa miaka ya 1960, bei ikiwa ya mamia ya dola, akachonga nyuma maneno yenye maana ya "Endesha kwa uangalifu, mimi". Newman aliivaa miaka mingi, kisha mwaka 1984 akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake.

Bei ile inaeleweka ikivunjwavunjwa. Kwanza, dola milioni 15.5 ndizo zilizotajwa nyundo ilipogonga. Milioni mbili na ushei zilizoongezeka ni ada ya wenye mnada. Ada hiyo kwa saa za bei ya kawaida huzidi robo ya bei ya nyundo, na magazeti karibu kila mara huandika jumla, hivyo msomaji hudhani muuzaji ameondoka nayo yote. Pili, uso wa saa ile. Una duara ndogo zenye rangi kinyume na uso wenyewe na tarakimu za umbo lisilo la kawaida. Ulipotoka wateja hawakuupenda. Saa zenye uso huo zilidoda madukani, na kwa kuwa zilidoda zikatengenezwa chache. Miaka ya baadaye wakusanyaji waliziona picha za Newman amevaa ya namna hiyo, wakaupa uso huo jina lake, wakaanza kuzitafuta, na zilikuwa chache kwa sababu ya kudoda kule.

Mtindo huo unajirudia mno katika biashara hii. Patek Philippe yenye namba 1518, kronografu, yaani saa yenye kipima muda, iliyo na kalenda inayojua miezi mirefu na mifupi na miaka mirefu pia, ilitengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940, jumla 281. Karibu zote ni za dhahabu, kwa kuwa mteja wa saa ya namna hiyo aliitaka dhahabu. Za chuma zinazojulikana ni nne. Moja iliuzwa Geneva Novemba 2016 kwa faranga 11,002,000, mara nyingi kupita dada zake za dhahabu. Chuma kilikuwa chaguo la wachache wasio wa kawaida, na miaka sabini baadaye watu hulipia uchache huo.

Tatu, mtu. Hapa Newman anatusaidia kwa sababu ameacha saa ya pili. Mkewe alimpa Daytona nyingine, yenye namba 6263, iliyochongwa maneno ya kumwomba aendeshe polepole. Desemba 2020 iliuzwa dola 5,475,000. Saa kama hiyo isiyo na Newman wala maneno yale iliuzwa kwa makumi ya maelfu. Tofauti iliyobaki, dola milioni tano na zaidi, ni bei ya maneno ya mke kwa mumewe yakiwa na ushahidi wa kutosha.

Wasomaji wa pwani na wa Muscat wana mfano wa karibu zaidi. Sultan Qaboos bin Said alishika utawala wa Oman mwaka 1970, wa ukoo wa Busaidi uleule uliotawala Zanzibar hadi 1964. Katika miaka iliyofuata ziliagizwa saa za Rolex, nyingi kupitia duka la Asprey la London, zikiwa zimepigwa nembo ya dola yake: jambia na panga mbili zilizopishana. Zilikuwa zawadi, na baadhi walizipata wanajeshi wa Uingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar, kusini mwa Oman. Mashine ndani ni ileile ya duka lolote. Jambia lile, lenye ukubwa wa punje ya mchele, huizidisha bei ya saa mara kadhaa. Na kwa kuwa ni rangi tu juu ya uso, linaweza kughushiwa. Ndiyo maana mnunuzi makini wa saa ya jambia hutaka barua, picha, jina la aliyepewa na mwaka aliopewa, kabla hajainama kuitazama saa yenyewe.

Rekodi kubwa kuliko zote zinahitaji tahadhari ya aina nyingine. Novemba 2019 Patek Philippe Grandmaster Chime ya chuma, moja tu duniani, iliuzwa Geneva kwa faranga milioni 31, na hakuna saa ya mkononi iliyowahi kufika hapo mnadani. Lakini ulikuwa mnada wa hisani wa Only Watch, fedha zikienda kwenye utafiti wa ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Nautilus yenye uso wa samawati ya Tiffany, moja kati ya 170, iliuzwa Desemba 2021 kwa dola milioni 6.5 ilhali bei yake dukani ilikuwa dola 52,635. Nayo ilikuwa ya hisani. Aliyetoa kiasi hicho alitoa pia sadaka, na kuitumia bei hiyo kupima saa ya jirani ni kujidanganya.

Saa ninayoona inasema kweli kuliko zote ni ya mfukoni. Henry Graves, mwenye benki wa New York, aliiagiza Patek mwaka 1925 akaipokea 1933. Ina kazi 24 za ziada, mojawapo ramani ya nyota za anga la usiku juu ya New York. Iliuzwa 1999 kwa dola milioni 11, ikanunuliwa na Sheikh Saud Al-Thani wa Qatar, na Novemba 2014, siku mbili baada ya yeye kufariki, ikauzwa tena Geneva kwa faranga 23,237,000, karibu dola milioni 24. Vichwa vya habari vilisema imeongezeka zaidi ya maradufu. Ni miaka kumi na tano. Ukigawa, ni kama asilimia tano kwa mwaka, kabla ya kutoa bima, ulinzi na ada za mnada. Hiyo ni saa iliyo juu ya saa zote, na faida yake ni ya kawaida kabisa.

Hata wanaojua hudanganywa. Novemba 2021 Omega Speedmaster ya mwaka 1957, uso wake ukiwa umebadilika kuwa kahawia, iliuzwa Geneva kwa faranga 3,115,500 ilhali makadirio hayakuzidi laki moja na ishirini elfu. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 ikabainika kwamba saa ile iliungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na Omega ikasema watumishi wake watatu wa zamani walihusika. Kama kiwanda kilichoitengeneza kinaweza kuuziwa, mtu anayetumiwa picha tano kwenye simu na kuambiwa alipe nusu leo anapaswa kujiuliza ana uhakika gani.

Rangi ya kahawia ya uso ule inastahili neno lake. Baadhi ya nyuso nyeusi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na rangi isiyo thabiti, na jua la miaka mingi likazigeuza kama kahawa ya maziwa. Kiwandani hiyo ni kasoro. Kwa wakusanyaji ni alama ya kwamba saa imeishi na haijaguswa, na huilipia sana. Vivyo hivyo kwa bodi: ukingo uliobaki na makali yake ya kiwandani, hata ukiwa na mikwaruzo, una thamani kuliko uliosuguliwa ukang'aa ukapoteza umbo.

Hili lina maana ya moja kwa moja kwa mtu aliyerithi saa ya babu na hana mpango wa kwenda Geneva. Mafundi saa wetu, wale wa kijisanduku cha kioo na lenzi jichoni, ni wastadi na wameokoa saa nyingi. Lakini mazoea ya kazi ni kumrudishia mteja saa inayometa: bodi imesuguliwa, uso umepakwa upya, akrabu zilizochakaa zimebadilishwa. Kwa saa ya kuvaa kila siku hakuna ubaya. Kwa Omega au Rolex ya miaka ya 1960, fundi mwenye nia njema anaweza kuondoa nusu ya thamani kwa alasiri moja. Kabla hujampa, piga picha uso, nyuma na namba zilizochongwa; mwombe asafishe mashine na kutia mafuta tu, asiguse rangi; tafuta sanduku, risiti, picha yoyote ya babu akiwa amevaa saa hiyo. Na kama kuna kitu ni lazima kibadilishwe, mwambie akurudishie kila kipande alichokitoa, hata akrabu iliyokatika, ukifunge kwenye karatasi ukiweke pamoja na saa.